Mwendo wa Baba Mkwe

Mtoto wangu nilimwona kwa mara ya kwanza akielea juu ya meza ya Daktari Mbilinyi, mkubwa kama ndizi mbivu, amejikunja, kidole mdomoni. Hakuwa yeye mwenyewe bali sura yake ya mwanga. Mshipi wa kliniki niliouvaa tangu mwezi wa pili ulikuwa umekusanya kila alichokifanya humo ndani, na meza sasa ilikuwa inatusimulia.

Daktari akaigusa ile sura, ikakua. Kichwa kikatoka pembeni, tumbo likapita, tukabaki na miguu peke yake. Nyayo zilikuwa zimeangaliana, kama viganja vya mtu anayetaka kupiga makofi.

"Mguu kifundo," akasema. "Miguu yote miwili. Kwingine kote ni mzima, moyo mzuri, uti wa mgongo mzuri. Ni miguu tu."

Watu wenye afya hupenda sana hilo neno "tu." Nilitaka kumwambia hivyo lakini nikamwacha aendelee. Mume wangu Ambokile, aliyekuwa amenishika mkono tangu tuingie, mkono wake ukalegea.

Daktari hakutuacha tukae na hofu muda mrefu, na kwa hilo namshukuru. Alitueleza habari za nyuzi. Zinaingizwa kwa sindano kwenye maji ya uzazi, ni hai, ni nyembamba kuliko unywele. Zinautafuta mguu, zinajiviringisha, zinauvuta kidogo kidogo usiku na mchana. Baada ya wiki kumi na mbili mguu umenyooka, na nyuzi zimeyeyuka zenyewe. Mtoto anazaliwa kama watoto wengine na hakuna atakayejua.

"Na hatari yake?" nikauliza.

"Akina mama watatu katika mia moja, chupa hupasuka kabla ya wakati." Akaisoma meza, akapunguza sauti. "Kwa wewe uliyewahi kupoteza, tuseme saba."

Miaka miwili nyuma chupa yangu ilipasuka mimba ikiwa ya miezi sita, bila nyuzi, bila sababu, nikiwa nachambua mchele. Tulimzika nyuma ya nyumba na mvua ikanyesha juu yake wiki nzima. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nilikuwa nimeonyeshwa zaidi ya jani.

"Tusipoziweka?"

"Zamani walifunga plasta mtoto akishazaliwa. Wiki kwa wiki, mpaka mguu unyooke. Ilifanya kazi, tena vizuri." Daktari akafungua mikono. "Lakini nani atafunga? Mimi sijawahi kuona plasta hata moja. Waliiondoa kwenye masomo kabla sijaanza shule. Mna mpaka wiki ya ishirini na nne kuamua. Chochote mtakachochagua, mtarekodi sababu kwa sauti zenu, iingie kwenye Daftari la Tumbo."

Hakuhitaji kutueleza Daftari la Tumbo ni nini. Kila mtu akitimiza miaka kumi na minane huitwa ofisi ya kata, anawekwa kwenye chumba chenye kiti kimoja, anasikilizishwa yale wazazi wake waliyomchagulia kabla hajazaliwa. La kwangu lilikuwa fupi: mama alikubali macho yangu yarekebishwe. Nilitoka nacheka. Rafiki yangu Anyingisye alitoka analia, akalala kwetu mwezi mzima, na mpaka leo hajaniambia alisikia nini.

Tulikuwa tumeshasimama kuondoka daktari alipokunja uso akiitazama meza.

"Kitu kimoja. Mshipi unasema jambo hili limetoka upande wa baba. Lakini kwenye fomu ya ukoo, upande wa baba mmejaza 'hakuna.'"

Fomu ile sikuijaza mimi. Nikamtazama Ambokile. Yeye alikuwa anatazama sakafu kana kwamba kuna kitu ameangusha.

*

Lazima nieleze kwanza tunavyoishi, la sivyo utaniona mjinga.

Nyumba yetu iko nyuma, ya baba mkwe iko mbele, na katikati kuna ua wenye ukuta wa matete. Huku kwetu Rungwe, mke hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, jina lake halitaji. Akipita, yeye hukohoa, na mimi hugeuka au huingia ndani. Mila hii ilikuwa karibu kufa enzi za bibi zetu. Ikarudi nyumba zilipoanza kuwa na macho, wakati kila ukuta unakujua na kila mlango unakusalimia kwa jina. Watu walichoka kutazamwa, na wengine wakakumbuka kwamba mababu walikuwa na heshima ya kutotazamana. Wa mjini hutucheka, waache wacheke. Mimi niliipenda. Ilikuwa raha kuwa na mtu mmoja duniani ambaye hajui nimevaa nini.

Kwa hiyo kwa miaka sita baba mkwe wangu alikuwa kikohozi. Alikuwa harufu ya sabuni ya mche asubuhi, na hatua zinazopita nyuma ya matete: moja nzito, moja ya kuburuza. Nilidhani ni uzee. Jina lake sikulitaja wakati huo na hapa pia sitalitaja.

"Alizaliwa hivyo," Ambokile aliniambia jikoni siku ile, akiwa amesimama karibu na mlango kama mgeni. "Miguu yote miwili. Alifikishwa hospitali ana miaka sita, mifupa imeshakaza. Wakainyoosha walivyoweza."

"Miaka sita nimeishi hapa, Ambokile."

"Mkwe haambiwi habari za mwili wa baba mkwe. Unaijua mila."

"Mila ndiyo iliyokushika mkono ukajaza 'hakuna'?"

Nilikuwa nasonga ugali na sikuacha, maana ningeacha ningemrushia mwiko. Hatimaye akakaa kwenye kigoda, akaanza kusema huku akiyatazama mafiga.

"Nilikuwa darasa la tatu. Nilisahau sweta asubuhi, na baridi ya Juni unaijua. Baba akaniletea shuleni. Tulikuwa mapumziko, uwanja umejaa. Wenzangu wakaanza kumwigiza anavyotembea. Mimi nikacheka nao." Akasukuma kuni motoni. "Halafu na mimi nikamwigiza. Niliigiza vizuri kuliko wote, kwa sababu mimi nilimwona kila siku. Nilipogeuka alikuwa amesimama ananitazama. Akaiweka sweta kwenye ngazi, akaondoka. Hajawahi kulisema mpaka leo."

Nikaacha kusonga.

"Sitaki mwanangu aigizwe, Subilaga. Na sitaki aje apate mtoto kama mimi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na mume wangu alikuwa amechagua kuumbuliwa na mashine mbele ya daktari kuliko kuniambia mimi. Nilikuwa na hasira naye kweli. Lakini alikuwa analia, na mimi sijui kumgombeza mtu anayelia. Nikampakulia ugali.

Tulipokuwa tunakula nikamwuliza, ili nibadilishe maneno, baba yake alifanya kazi gani hasa. Nilijua tu kwamba aliwahi kufanya kazi hospitalini.

"Alifunga plasta," Ambokile akasema. "Miguu kifundo. Miaka thelathini na mitano, mpaka nyuzi zilipokuja wakamwambia apumzike."

*

Tuna punda. Si punda wa nyama. Ni mashine ya miguu minne ya kubebea majani ya chai, kuukuu, goti moja linalia. Siku zisizo za kuchuma hupeleka chakula nyumba ya mbele na kurudisha vyombo. Pia hubeba maneno. Ukimwambia kitu hukirudia kama kilivyo, hapunguzi wala haongezi, na hiyo ndiyo njia pekee niliyowahi kuongea na baba mkwe: chumvi imezidi, chumvi haijazidi, asante.

Asubuhi iliyofuata nikasimama mlangoni pa jiko, nikasema, "Punda, nenda kamwambie mzee shikamoo. Mwambie mjukuu wake ana miguu kifundo, yote miwili. Mwambie nauliza, akizaliwa, plasta bado inaweza?"

Punda akavuka ua, goti likilia. Nilisikia sauti yake ikirudia maneno yangu nyuma ya matete. Aliporudi alisimama mbele yangu, akasema kwa sauti yake isiyo na moyo:

"Mzee amesema marahaba. Halafu amekaa kimya dakika nne. Halafu amesema: yule kijana mpumbavu, hakumwambia. Halafu amesema: hilo usimpelekee, nilikuwa najisemea. Halafu amesema: inaweza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokuwa chini nikaona kumbe nalia.

Mchana Punda alirudi amebeba sanduku. Ndani kulikuwa na bandeji zilizopakwa unga wa jasi, zimefungwa kwenye nailoni miaka yote hiyo, na mguu mdogo wa mpira wenye mifupa ya plastiki ndani, umepinda kama ule niliouona mezani kwa daktari. Ulikuwa mguu wa kufundishia. Nikauchukua, nikaugeuza huku na huku. Nilikuwa sijathubutu hata kuiwaza miguu ya mtoto wangu, na sasa mmoja ulikuwa umelala kiganjani, na haukutisha. Ulikuwa mguu.

"Mzee amesema," Punda akaendelea, "mguu kifundo haulazimishwi. Unabembelezwa. Unauomba kidogo, unaufunga pale ulipokubali. Wiki ijayo unafungua, unauomba tena. Mara sita, mara saba. Wa kulazimisha huvunja. Amesema kidole gumba kinakaa kwenye kifupa cha nje, mbele ya fundo, hapo ndipo mguu unapogeukia. Amesema kisigino hakiguswi. Amesema: mwambie tena, kisigino hakiguswi."

Plasta hufungwa na watu wawili: mmoja anashika mguu pale ulipofika, mwingine anaviringisha bandeji yenye maji kutoka vidoleni mpaka pajani, goti likiwa limekunjwa. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo niliushika mguu wa mpira kwa mkono mmoja na kuviringisha kwa mwingine, na jasi ikanipaka mpaka kwenye nyusi. Ilipokauka nikampa Punda apeleke.

"Mzee amesema hiyo si plasta, hilo ni tofali."

Ya pili: "Mzee ameuliza mtoto wa nani huyu, wa tembo?"

Ya tatu aliipasua, akairudisha vipande viwili. Ndani, sehemu ya kisigino, vidole vyangu vilikuwa vimeacha alama. Hiyo iliniuma kuliko tofali.

Ambokile alikuwa akirudi kutoka shambani ananikuta na beseni la maji meupe. Alivumilia siku kumi.

"Unacheza na jasi na siku zinakwenda," akasema. "Saba katika mia ni wachache, Subilaga. Tisini na tatu wanazaliwa salama, miguu imenyooka, basi."

"Mara ya kwanza waliniambia mmoja katika mia mbili. Yule mmoja nilikuwa mimi."

"Na baba ana miaka sabini na minane! Hizo plasta mtamfunga mtoto kwa mikono ipi?"

Jibu lilikuja kesho yake pamoja na plasta ya tano. Hakukuwa na utani.

"Mzee amesema: hii imekaa vizuri. Amesema: mwambie ukweli, kwamba mimi sitaweza kufunga. Mikono inatetemeka. Nikishika mguu gumba langu linacheza, na mguu wa mtoto hauchezewi. Atakayeshika ni yeye, mwanangu ataviringisha. Lakini gumba halifundishwi na punda. Amesema: hapo ndipo tulipofika."

Nilielewa. Kushika kunafundishwa gumba juu ya gumba, kwenye meza moja, vichwa viwili vimeinamia mguu mmoja. Aliyebaki anajua kazi hii katika wilaya nzima alikuwa ndiye mtu pekee ambaye sikuruhusiwa kukaa naye.

*

Zilipobaki siku mbili za kuamua, mvua ilikatika saa tisa alasiri na jua likatoka. Ambokile alikuwa anatengeneza goti la Punda uani. Nilikuwa nimelala kitandani nikijaribu kumwona mtoto wangu ana miaka minane, na kila nikijaribu naona uwanja wa shule na wavulana wanaoigiza. Mtu anayetembea sikumwona. Nilikuwa nataka kumchagulia mtoto mwendo ambao sijawahi kuuona.

Nikatoka nje.

"Punda, nenda kamwambie mzee naomba nimwone akitembea."

Spana ikamponyoka Ambokile. "Umerukwa na akili?"

"Nenda, Punda."

"Subilaga, huwezi kumwomba hivyo. Hata mimi siwezi kumwomba hivyo."

"Wewe umeshamwona. Mimi ndiye nitakayeulizwa na mtoto siku moja, mama, ulijua nini? Nataka nijue."

Punda alikuwa ameshavuka. Tukasikia maneno yangu yakisemwa nyuma ya matete, makavu, bila adabu yoyote. Ambokile akafunika uso. Muda ukapita, mwingi, nikaanza kujutia. Nilikuwa nimemvunjia heshima mzee wa watu nyumbani kwake, na kama angeamua kuondoka kwenye maisha yetu asirudi, nisingekuwa na la kusema.

Kisha nikasikia kikohozi.

Kwa miaka sita kikohozi kile kilinigeuza mgongo. Mwili ulitaka kugeuka peke yake. Nilishika nguzo ya baraza nikabaki nimesimama.

Alitokea kwenye pengo la matete. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria, amevaa koti la suti na viatu vya buti, kana kwamba anakwenda kanisani. Akatembea. Sitadanganya: haukuwa mwendo mzuri. Mguu wa kushoto ulikanyaga kwa ukingo wa nje, nyonga ikapanda, wa kulia ukaja nyuma ukiburuza na kujisukuma, na bega likaenda upande mwingine kutafuta mizani. Kila hatua ilikuwa na kazi nne. Alikuwa anakuja moja kwa moja, polepole, macho yake juu ya ukuta wa nyumba yetu, pembeni yangu, ili asinitazame. Alikuwa ananionyesha. Niliona aibu, halafu nikaona huruma, halafu vyote vikaniishia na nikabaki natazama mtu anavyotembea.

Katikati ya ua palikuwa na tope. Buti la kulia likateleza.

Ambokile alikuwa ameshafika. Hakumshika. Alisimama tu upande wake, na mzee alipopata mizani wakaja pamoja, bega kwa bega, mume wangu akizipunguza hatua zake ndefu.

"Baba," akasema. "Siku ile ya sweta."

"Ulikuwa mtoto," mzee akajibu bila kusimama. Hatua mbili zikapita. "Na uliigiza vizuri. Goti la kulia tu ndilo ulilokosea."

Ambokile akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio.

Mzee akasimama hatua tano kutoka barazani, akamgeukia Punda. "Mwambie mimi nilichelewa miaka sita. Wa kwake hatachelewa hata siku kumi. Mwambie niliowafunga wakiwa wachanga wengi wao wanakimbia, nisingewajua njiani." Akapumua. "Mwambie pia wako waliorudia kupinda. Baada ya plasta ni viatu vya chuma vya kulalia, mpaka miaka minne, na mama akichoka kuvivalisha mguu unarudi. Simwahidi kitu. Na mwambie mimi si adui wa nyuzi. Ningekuwa nazo enzi zangu, watoto wengi ningewapa. Tumbo ni lake."

Punda akaanza kunirudia. "Mzee amesema mimi nilichelewa..."

"Nimesikia, Punda," nikasema. "Ndaga fijo. Mwambie nashukuru sana."

*

Chumba cha kurekodia kliniki kina taa ya njano na kiti kimoja. Tuliomba cha pili. Daktari Mbilinyi akaniambia nina dakika moja, niseme kwa maneno yangu, na kwamba kitakachosemwa hakifutwi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaiacha.

"Mwanangu, ni mimi mama yako Subilaga. Kuna nyuzi ambazo zingenyoosha miguu yako kabla hujazaliwa. Nimezikataa. Watakwambia nilikuwa jasiri, wasikudanganye. Niliogopa kukupoteza, kwa sababu nimeshapoteza mmoja na najua kulivyo. Kama miguu inakuuma hapo ulipokaa, au kama kuna siku walikucheka, ni mimi niliyechagua, na nilikuwa najua, nimeuona mwendo kwa macho yangu. Ukitoka hapo una hasira, njoo nyumbani nazo. Usiende kulala kwa rafiki."

Taa ikaanza kupepesa. Ambokile akainama mbele yangu haraka.

"Mimi ni baba yako. Mimi nilitaka nyuzi. Babu yako ana miguu kama yako na niliificha kwenye fomu. Sitaificha tena." Akasita. "Hayo tu."

Taa ikazimika. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa anajifanya anasoma kitu. Alituambia mshipa wa kisigino ukihitaji kukatwa mwishoni mwa plasta, hiyo ni kazi ndogo na yeye ataifanya. Halafu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, akauliza kama siku ya plasta ya kwanza anaweza kuja kuangalia.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa sijapata amani niliyoitegemea. Nilikuwa na hofu ileile, ila sasa ilikuwa yangu.

*

Meza tuliiweka jikoni kwangu. Mzee alituma neno kwamba ni kwa kazi hii tu, na kwa meza hii tu, na kwamba wazee wa ukoo wakiuliza watajibiwa na yeye. Alipoingia alikohoa kwa mazoea. Nilikuwa nimejifunika khanga mpaka usoni kama bibi harusi, naye akakaa ubavu, macho mezani. Ambokile alisimama kando ya beseni na bandeji, tayari kuviringisha.

Nikaushika mguu wa mpira nilivyojifunza. Vidole vya mkono mmoja chini ya vidole vyake, gumba la mkono wa pili juu ya kifupa cha nje. Kisigino sikukigusa. Nilikuwa nimefanya hivyo mara arobaini peke yangu na nilijua ninavyofanya. Nikasukuma, nikahisi unakataa, nikasukuma tena.

Mkono wa mzee ukaja. Ulikuwa mkavu, wenye mabaka, na ulikuwa unatetemeka kama alivyosema. Gumba lake likakaa juu ya gumba langu. Halikuwa na uzito wowote. Nikangoja aseme na Punda, lakini Punda alikuwa nje, na mzee hakumwita.

"Umekaza mno, mwanangu," akasema.

Nikalegeza.